GRE: unaelewa kifungu, lakini majibu yanakosea na muda unaisha

Pole, ndugu yangu. Umesema kwenye GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamivu hasa Marekani, unasoma kila kifungu mara mbili, unakielewa, kisha unakosa jibu na dakika zinaisha. Nami nilikwama hapo. Kiingereza hakikuwa tatizo. Nilisoma kwa kukariri, kama tulivyozoea shuleni.

GRE ya sasa, tangu Septemba 2023, ina maswali 12 ya lugha kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Ni dakika moja na nusu kwa swali. Kwa hiyo soma mara moja, ukitafuta mwandishi anadai nini na anageukia wapi. Kila ukikuta neno lenye maana ya "hata hivyo", punguza mwendo, maana hoja yake mara nyingi iko hapo. Aya ikiisha, ifupishe kimoyomoyo kwa Kiswahili, sentensi moja tu.

Kisha lijibu swali kwa maneno yako kabla ya kutazama machaguo. Hili ndilo lililonisaidia zaidi. Chaguo linaweza kuwa kweli duniani lakini halimo kwenye kifungu: likatae. Weka daftari la makosa, uandike kwa nini ulivutwa na jibu lile.

ETS, shirika linaloandaa GRE, ina majaribio mawili ya bure ya mazoezi yaitwayo PowerPrep. Fanya moja sasa, jingine wiki mbili kabla ya mtihani. Usiache swali tupu, kukosea hakukati alama. Anayekuuzia "maswali yaliyovuja" mkwepe, matokeo yako yanaweza kufutwa. Maandishi yakicheza au kichwa kikiuma ukisoma, kapime macho kwanza.

Na kabla ya kulipia, iulize idara unayoomba kama bado inadai GRE. Nyingi zimeiacha.