Kwa nini alumini ya unga hukatika badala ya kupinda?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa ufundi. Wanafunzi wangu walishindilia unga wa alumini uliochanganywa na shaba kidogo, kisha wakauchoma katika tanuri la umeme. Vipande vilitoka vigumu, lakini tukivipinda vinakatika kama kashata. Je, tuongeze moto?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Moto msiuongeze, Mwalimu. Kila chembe ya unga huo imevikwa gamba jembamba mno la oksidi, yaani alumini iliyoungana na oksijeni, na ingawa alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, gamba hilo huhitaji zaidi ya nyuzi 2,000. Hata hidrojeni, ambayo huondoa oksidi katika unga wa chuma, hapa haifui dafu. Tazameni mahali palipokatika kwa lenzi: mkiona chembe zingali na umbo lake, jueni kwamba ufa umepita katikati ya magamba, wala haukuipasua metali.

Kwenu pwani kuna jambo la pili, nalo ni unyevu. Kopo likiachwa wazi, gamba hunyonya maji, ambayo tanurini hugeuka hidrojeni na kuacha vitundu ndani ya kipande. Viwandani bidhaa iliyoshindiliwa hupashwa moto kwanza ndani ya ombwe, yaani chombo kilichoondolewa hewa, ili unyevu utoke.

Tiba iliyo karibu nanyi ni kuchanganya metali iitwayo magnesi, kiasi cha asilimia 0.5 hadi 1, kwa kuwa huishambulia oksidi na kulivunja gamba, mradi tanuri lijazwe nitrojeni kavu sana badala ya hewa ya kawaida. Ningewashauri mnunue unga uliokwisha kuchanganywa, maana magnesi ya unga ni hatari kwa wanafunzi.

Hata hivyo, kinachofanya kazi kubwa zaidi ni nguvu. Bonge likisukumwa lingali moto kupitia tundu jembamba, hata eneo la mkato wake likapungua mara 20 hivi, magamba hukatikakatika na metali tupu hugusana na kushikana. Msipokuwa na mashine hiyo, kufua kipande kikiwa moto ndani ya kalibu husaidia, ingawa si kwa kiwango hicho.

Msiukaushe unga kwenye moto wa wazi kamwe: ukitimka hewani hulipuka kwa cheche ndogo, na ukishika moto huzimwa kwa mchanga mkavu, si kwa maji.