Re: Pampu ya hosipawa ngapi kwa kisima cha nyumbani, Buswelu?

Mkuu, hosipawa (nguvu ya pampu) ije mwisho. Umesema maji yapo mita 18 chini na mdomo wa tenki la lita 2,000 uko mita 8 juu. Pampu ya kukaa juu isahau. Kwa mwinuko wetu Mwanza, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ikivuta mita 7 shukuru. Chukua ya kuzamisha.

Kimo, yaani urefu wote ambao pampu itapandisha maji, hesabu kuanzia maji yanaposhukia wakati wa kuvuta, siyo yalipolala asubuhi. Tuseme yanashuka hadi mita 24. Ongeza 8, na kama 3 za msuguano wa bomba: 35. Kujaza tenki kwa saa 2 unahitaji lita 1,000 kwa saa kwa kimo hicho. Nusu hosipawa inatosha. Kile kimo kikubwa cha mita kilichoandikwa kwenye boksi kisikudanganye, hapo pampu haitoi hata tone, soma jedwali la pampu linaloonyesha lita kwa kila kimo.

Shida ni haya mawe yetu. Maji hupita kwenye nyufa, mara nyingi kidogo kidogo. Mimi nilifunga hosipawa moja na nusu, ikakausha kisima kwa dakika 20, baada ya wiki ikaungua. Mwambie fundi avute saa kadhaa mfululizo apime kisima kinatoa lita ngapi kwa saa, pampu isizidi hapo. Na weka kifaa cha kuizima maji yakikata.