Maswali ya Wasomaji: Safari ya Singapore

Singapore ina nini cha kumvuta mtu, zaidi ya maghorofa na maduka? (Msomaji, Tanga)

Anayetaka maduka na aende Dubai, ambako ni karibu zaidi. Singapore inastahili nauli yako kwa ajili ya miti na chakula. Bustani yake ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1859 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015, hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri hadi saa sita usiku, nawe hulipi kiingilio ila kwenye sehemu ya maua ya okidi. Kivuli utakachokikuta barabarani hakikuota chenyewe: Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alianzisha kampeni ya kupanda miti mwaka 1963, na baada ya kupanda watu wakalipwa kuitunza. Viongozi wetu wanaokwenda huko kujifunza hurudi na picha, wakapanda mche mmoja mbele ya kamera, kisha wakawaachia mbuzi kazi iliyobaki.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini? (Msomaji, Mombasa)

Utashiba. Nenda Geylang Serai, mtaa wa Wamalay, uagize nasi lemak, ambayo ni wali wa nazi kama wetu, ila umetiwa jani la kunukia liitwalo pandani na kuzungukwa na dagaa wa kukaanga, karanga, yai, vipande vya tango na kijiko cha sambal, pilipili ya kusagwa iliyokaangwa mpaka ikaiva. Satay nayo ni mishkaki ya vijiti vyembamba inayochovywa katika mchuzi mzito wa karanga. Kibanda chenye cheti cha halali hukibandika mahali pa kuonekana. Usibahatishe, kwa kuwa jirani yake huenda anauza nguruwe. Ukiona meza tupu yenye pakiti ya tishu juu yake, usikae, ina mwenyewe.

Wapishi wa vibanda hivi, ambavyo utamaduni wake UNESCO iliutambua mwaka 2020, ni warithi wa wachuuzi waliokuwa wakipika kando ya barabara. Katika miaka ya 1970 na 1980 serikali iliwahamishia kwenye majengo yenye paa, maji ya bomba na mifereji ya maji taka. Nalitaja hili kwa makusudi, kwani kwetu mama lishe humwagiwa sufuria na mgambo kwanza, ndipo kikao cha kumtafutia eneo kiitishwe.

Wachina, Wamalay na Wahindi wanapatanaje katika kisiwa kidogo namna hiyo? (Msomaji, Kampala)

Kwa sheria, siyo kwa upole wa mioyo peke yake. Wakazi wengi huishi katika nyumba za serikali, na tangu mwaka 1989 kila jengo lina kiwango cha juu cha watu wa kila jamii, ili pasizuke mtaa wa kabila moja. Mfumo huu una machungu yake: mwenye nyumba wa jamii ndogo anaweza kushindwa kuuza kwa bei nzuri kwa sababu wanunuzi wanaoruhusiwa ni wachache. Hata hivyo, tembea South Bridge Road uone hekalu la Wahindu la Sri Mariamman na msikiti wa Jamae, hatua chache tu kati yao.

Ni kweli kutafuna chingamu ni kosa? (Wasomaji wengi mno)

Hapana. Kilichopigwa marufuku mwaka 1992 ni kuiingiza nchini na kuiuza, na nimeshalijibu swali hili mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mngeniuliza lenye uzito: mzigo wa mtu usiyemjua. Atakayepatikana na hatia ya kusafirisha zaidi ya gramu 15 za heroini hukabiliwa na adhabu ya kunyongwa, na maelezo ya kwamba begi ulipewa na rafiki uwanja wa ndege hayatakufikisha mbali. Sigara za kielektroniki nazo ziache nyumbani.

Niende mwezi gani, na nibebe nini? (Msomaji, Nakuru)

Mwezi wowote, kwa sababu kisiwa kiko karibu kabisa na ikweta na joto ni lile lile. Beba mwavuli, na kwa kuwa unatoka Kenya, beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho ukikikosa unaweza kutengwa kwa siku kadhaa huku wenzako wakila satay.