Maswali ya kibodi: acheni kununua rangi

Maswali yamejaa tena, na zaidi ya nusu yanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: rangi ya swichi, yaani kile kifaa kidogo kilicho chini ya kila kitufe. Nalimaliza hilo kwanza, kisha tuwasikilize waliofikiri kidogo kabla ya kuandika.

Kwa kazi za ofisini nichukue swichi za kahawia au za bluu? — Msomaji wa Tabata, na wenzake wengi

Bluu, hapana. Kahawia, inategemea ni ya nani. Jamani, rangi si kipimo! Desturi ya kuita swichi kwa rangi ilitokana na Cherry wa Ujerumani. Waliofuata waliiga rangi, kilichomo ndani kila mmoja akaamua lake. Chukua MX Clear ya Cherry, ile nyeupe-nyeupe: ina kinundu kikubwa, yaani kile kikwazo ambacho kidole hukihisi kitufe kikishuka, na springi nzito. Gateron nao wana Clear yao, na hiyo haina kinundu hata chembe, inateleza tu hadi chini, tena nyepesi. Halafu mtu anakwenda Kariakoo anasema "nipe zile nyeupe". Atapewa nyeupe.

Uliza kinundu kiko wapi katika safari ya kitufe, kinavukwa kwa nguvu gani, na springi ina uzito gani inapofika chini. MX Brown, yaani kahawia ya Cherry, husafiri milimita 4, herufi inapokelewa kwenye milimita 2, na kinundu chake kinavukwa kwa gramu 55 hivi. Ni kinundu kidogo mno. Kwangu mimi ni kama wali wenye chenga moja ya mchanga: unajua kuna kitu, ila huwezi kukiita ladha. Wanaoipenda wanisamehe, na wasiponisamehe wataandika kama kawaida yao.

Bluu niliwahi kuipeleka ofisini, Posta, chumba cha watu tisa, enzi hizo najifunza. Siku ya pili mama wa masijala akaniuliza, "Mwanangu, hizo bisi unatukaangia wote au unakula peke yako?" Jioni ile ile niliirudisha nyumbani. Ndani ya MX Blue kuna kipande kinachocheza kwenye shina, ile nguzo inayoshuka ukibonyeza, nacho ndicho kinacholia kliki. Vile vipete vya mpira ambavyo muuzaji anakuongezea kama nyongeza ya sokoni huzuia kitufe kisigonge chini, basi. Kliki havigusi.

Naandika mihtasari ya vikao kutwa. Kidole kidogo cha kushoto kinachoka kabla ya saa sita mchana. Niliweka MX Clear baada ya kuona Wamarekani wakizisifu. — Katibu muhtasi, Temeke

Dada, swali lako ndilo lililonifanya niandike wiki hii.

Hao waliokushauri wanaandika Kiingereza. Herufi yao kuu ni E, na E hubonyezwa kwa kidole cha kati, kidole chenye nguvu zake. Sisi herufi yetu ni A. Andika "wanafanana" uhesabu: herufi kumi, A tano. Andika "taarifa", andika "nakala", andika "halmashauri ya kata". Mzigo wote huo unamwangukia mdogo wa kushoto, halafu na wewe umemwekea mojawapo ya springi nzito za Cherry. Anayesifu uzito ule hajawahi kuandika muhtasari wa baraza la madiwani.

Kama kibodi yako ina soketi, yaani swichi zinachomekwa na kuchomolewa bila kuchomelea, huna haja ya kubadili yote. Chomoa swichi za A, Q, Z na shifti ya kushoto, weka zenye springi nyepesi. Zilizobaki acha kama unazipenda. Hakuna sheria inayosema vitufe vyote viwe na uzito mmoja. Ila unapolinganisha namba uwe macho: kuna wauzaji wanaoandika uzito wa kwenye kinundu na wengine uzito wa chini kabisa, kwa hiyo 62 ya huyu inaweza kuwa laini kuliko 55 ya yule.

Kisha jizoeze kuachia kitufe mara tu unapohisi kinundu. Hiyo ndiyo kazi yake: kukwambia herufi imeingia, usiendelee kusukuma. Wengi wetu tunachapa kama tunatwanga kisamvu, kila herufi hadi sakafuni, halafu tunalaumu swichi. Na angalia meza. Meza nyingi za ofisi zetu ziko juu, mikono inaning'inia mabegani. Inua kiti. Vidole vikianza kufa ganzi, au maumivu yakikufuata hadi kitandani, waone madaktari. Mimi na swichi zangu hatutakusaidia.

Zipo zenye kinundu lakini kimya?

Zipo. Boba U4 ya Gazzew ina kinundu cha kueleweka, na shina lake lina mpira unaomeza kishindo cha kwenda chini na cha kurudi juu. Zipo za springi ya gramu 62 na za 68. Kwa sababu nilizompa dada wa Temeke, chukua 62. Soma jina mpaka mwisho: U4T ni swichi nyingine, hiyo inatoa mlio mzito. Watu wamepigwa kwa herufi moja.

Nitachapa haraka zaidi?

Hapana.

Nimebadilisha swichi zote lakini spesi bado inalia kama bati la mabanda. — Msomaji wa Mbagala

Swichi umezionea. Kinacholia ni stabilaiza, ule waya unaoshikilia kitufe kirefu pande zote mbili. Paka grisi ya kutosha kwenye ncha za waya. Na kama meza yako ni ya mbao nyembamba iliyo wazi chini, kunja kitenge utandike chini ya kibodi. Utashangaa.

Naweza kupaka swichi mafuta ya cherehani?

Usithubutu. Yanachuruzika hadi kwenye bodi, ile sahani ya umeme iliyo chini ya swichi. Kuna grisi maalumu, Tribosys 3203 kwa mfano, na hupakwa kidogo sana kwa brashi ya kuchorea. Kwenye swichi za kinundu usiguse ile miguu miwili ya shina inayosugua bati la ndani. Kinundu kinazaliwa pale, ukipalainisha umekifuta mwenyewe.

Laptop yangu ya ofisi inaweza kuwekewa swichi hizi?

Haiwezi. Nunua kibodi ya pembeni.

Nimeagiza swichi zina miguu mitano, bodi yangu ina matundu matatu. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, hukusoma. Miguu miwili myembamba ya plastiki ni ya kushikilia tu. Ikate kwa kikata kucha na swichi itaingia. Ya chuma, yaani pini, usiikate. Unapochomeka, shikilia soketi kwa kidole upande wa nyuma wa bodi, maana ukisukuma kwa hasira soketi inang'oka na utaanza kumtafuta fundi mwenye mkono mtulivu.

Vumbi na unyevu wa pwani je?

Swichi za Kailh Box zina sehemu ya umeme iliyofungiwa kwenye kisanduku chake, kiwango cha IP56 cha kuzuia vumbi na maji. Kisanduku hicho kinalinda swichi, hakilindi bodi. Chai ya rangi ikimwagika, chomoa waya kwanza, majuto baadaye.

Ninunue ngapi?

Kumi. Ziweke kwenye A, N, I, K, W na majirani zao, ufanye nazo kazi wiki nzima, kazi ya kweli, si kuandika jina lako mara tatu na kutabasamu. Zikikufaa ndipo uhesabu vitufe vyako: kibodi ya Kimarekani isiyo na namba pembeni kwa kawaida ina 87, yenye namba ina 104. Ongeza tatu au nne za akiba, maana pini za kwanza utazipinda.