Anza na seli: ushauri kwa wanaosaka dawa za virusi ndani ya sponji wa baharini

Mdogo wangu unayeingia maabara ya viumbe wa baharini, najua unachotamani kuona: dondoo ya sponji, yaani kemikali zilizokamuliwa kutoka kwa mnyama huyo, imezuia virusi. Nimekuwa nikiloweka sponji kwenye methanoli kwa miaka sasa, na ushauri wangu ni kwamba kabla hujauliza virusi vimefanywa nini, uliza seli ziko salama kiasi gani.

Chukua kemikali iitwayo mycalamide A. John Blunt na Murray Munro wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na wenzao waliitangaza mwaka 1988, kutoka kwa sponji aina ya Mycale wa maji baridi ya Bandari ya Otago. Ilizuia virusi vya herpesi na polio kwa dozi ndogo mno. Tatizo ni kwamba inasimamisha utengenezaji wa protini katika seli yenyewe. Kirusi hakina kiwanda chake, hutumia cha seli. Ukifunga kiwanda hicho, kirusi kinakwama na seli nayo inakufa.

Ndiyo maana kila sahani ya vipimo iwe na vishimo vya seli zisizo na virusi, zikipewa dozi zile zile za dondoo. Tazama kwenye hadubini. Seli zenye afya za Vero, yaani seli za figo ya nyani zinazokuzwa maabara, zimelala bapa, zimebanana hadi huoni nafasi kati yake. Zilizopata sumu hujikunja, zinakuwa duara, kisha zinabanduka na kuelea. Virusi vingi navyo huziharibu hivyo hivyo, kwa hiyo bila vishimo vile huwezi kujua nani kaua. Baadaye gawanya dozi inayoua nusu ya seli kwa dozi inayopunguza virusi kwa nusu. Ukipata 2, usijisumbue. Mimi huanza kusisimka ikipita 10.

Simaanishi kila kemikali inayogusa seli itupwe. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walieleza jinsi walivyopima kemikali za asili zaidi ya 350 kwenye seli za mapafu ya binadamu zilizoambukizwa virusi vya korona. Mojawapo ya zilizofaulu zaidi ni alotaketal C, ya sponji Phorbas kutoka Howe Sound, huko huko British Columbia, na hiyo hufanya kazi kwenye seli, si kwenye kirusi. Kirusi kikibadilika, dawa ya namna hiyo huenda isipoteze nguvu upesi. Hili linanipa matumaini makubwa.

Halafu fikiria sponji wenyewe. Huko Kaikoura, New Zealand, tani 1 ya sponji Lissodendoryx ilitoa takriban miligramu 300 tu za halichondrin B, kemikali iliyozaa dawa ya saratani ya matiti. Sponji wengi wa maji baridi hukua polepole sana. Mwombe mpiga mbizi akate kipande tu na kumwacha sponji ameshika mwamba. Kigandishe mkiwa bado botini. Kijisehemu cha kutambulia aina ya sponji kiweke kwenye ethanoli, na lebo iandikwe kwa penseli, maana ethanoli hufuta wino.