Re: Albamu ya mtu na ala yake tu, inayoongelea kwao
Mkuu umeuliza albamu ya mtu na ala yake anayeimba kuhusu kwao, na kama lazima ujue lugha. Mi nakutajia Ayub Ogada, En Mana Kuoyo, ilitoka 1993 chini ya lebo ya Real World kule Uingereza. Huyu alikuwa Mjaluo wa Kenya, miaka ya 80 alikuwa London anapiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, kwa hiyo nyimbo za nyumbani zinatoka kwa mtu aliyekaa mbali na kwao na unalisikia hilo kabisa.

Anza na Kothbiro, mvua inakuja, rudisheni ng'ombe nyumbani, basi, maneno machache tu ila nyuzi nane za nyatiti zinazunguka palepale na sauti yake ya chini haina haraka, mi hunishika kila mara. Ndo ile waliyotumia kwenye filamu ya The Constant Gardener.

Kijaluo si lazima, ila ukipata mtu akuelezee nyimbo nyingine za humo kama Dala na Chiro utafaidi zaidi. Na tafadhali vaa hedfoni, spika ya simu inaua besi yote.