Maswali ya Wasomaji: Vipele Baada ya Kumnyoa Farasi

Swali: Ndugu Mshauri, nina poni jike mwekundu mwenye ngozi laini sana. Kila ninapomnyoa kwa mashine, jioni yake hutokwa na mabaka yaliyovimba shingoni na mbavuni, na siku ya pili hataki hata kuguswa kwa brashi. Nimekuwa nikimpaka mafuta yenye manukato ili kumtuliza, lakini naona hali inazidi kuwa mbaya. Nifanye nini asipate tena mateso haya?

Jibu: Pole sana, ndugu msomaji. Anza kwa kuyaacha hayo mafuta yenye manukato, kwa sababu ngozi iliyotoka kunyolewa imepoteza kinga yake ya manyoya, na kitu ambacho wiki iliyopita kilikuwa hakiidhuru kinaweza sasa kuiwasha vibaya. Baada ya hapo, kabla hujaamua kwamba poni wako ana mzio, chunguza mambo matatu yanayoifikia ngozi yake kila unapomnyoa, yaani uchafu, joto na mafuta ya mashine. Kwa maoni yangu, farasi wengi wanaoitwa wepesi wa ngozi wanaumizwa na mojawapo ya hayo, na wakiondolewa hilo hunyolewa salama.

Uchafu ndio huanza. Vumbi, mba na mafuta ya asili hujificha chini kabisa, karibu na ngozi, mahali ambapo brashi ya juu juu haifiki. Kisu kikipita hapo huacha mikwaruzo midogo isiyoonekana kwa macho, kisha huusukuma uchafu ndani yake, na bakteria ambao siku zote huishi juu ya ngozi bila kuleta madhara hupata njia ya kuingia kwenye mashina ya manyoya. Kwa hiyo mwoshe siku moja kabla, kwa shampuu isiyo na manukato, na umsuuze hadi maji yanayotiririka tumboni yawe safi, maana shampuu iliyobaki nayo huwasha. Awe amekauka kabisa kabla hujawasha mashine. Manyoya yenye unyevu hushikamana, hukwama kwenye visu na kuvutwa badala ya kukatwa, na uchafu uliobaki huvifanya visu kuwa butu upesi.

Joto linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huongezeka taratibu na anayenyoa, akiwa ameshika mpini tu, halisikii. Mashine ina visu viwili, kimoja kimetulia na kingine hucheza juu yake maelfu ya mara kwa dakika, na msuguano huo ndio unaovipasha moto. Kila baada ya dakika chache, igeuze mashine na uvilaze visu kwenye ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako. Ukishindwa kuviacha hapo kwa utulivu, poni wako naye hawezi kuvistahimili. Zima, ondoa manyoya yaliyokwama kwa brashi ndogo, safisha kichujio cha hewa, tia matone machache ya mafuta ya mashine, kisha subiri vipoe. Ukiwa na seti ya pili ya visu, badilisha uendelee na kazi. Dawa za kupuliza zinazopoza visu hutuliza kwa muda mfupi tu, na baadhi yake zina viyeyusho vinavyoweza kuwasha ngozi, hivyo usizipulize karibu na mwili wa mnyama, na uvifute visu kabla ya kumgusa. Angalia pia jinsi visu vilivyobanwa. Vikikazwa kupita kiasi hupata moto haraka, na vikilegea huvuta manyoya. Fuata maelekezo ya mtengenezaji, na visu vinapoanza kuacha mistari, vipeleke kwa fundi anayejua kuvinoa.

Mafuta ya mashine husahaulika, nayo ndiyo ninayoyashuku zaidi kwa poni wako, kwa kuwa mabaka yake hutokea jioni ya siku ile ile. Kila unapotia mafuta, iache mashine izunguke kidogo hewani, kisha uyafute yaliyozidi kwa kitambaa kikavu. Ukimaliza kunyoa, chukua kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu na kukamuliwa vizuri, ukipitishe mwili mzima kwa kufuata mwelekeo wa manyoya, ili kiondoe mafuta pamoja na vipande vidogo vya manyoya vinavyochoma kama miiba. Mkaushe, umfunike kwa shuka safi la pamba lililosuuzwa vizuri, na usimfunge tandiko wala kumtoa jasho siku hiyo.

Ili ujue kwa hakika kinachomdhuru, paka tone la mafuta ya mashine mahali padogo ambapo hapajanyolewa, halafu mahali pengine, begani, nyoa eneo la upana wa kiganja kwa visu vilivyopoa na kufutwa vizuri. Subiri hadi siku ya pili au ya tatu ndipo uendelee. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi limesaidia. Tumia visu vinavyoacha manyoya ya milimita 2 au 3, usivikandamize, na kwenye mikunjo ya kiwiko na kinena uvute ngozi kwa mkono wa pili ili inyooke. Kama ana sehemu za ngozi ya waridi, mkinge na jua kali mpaka manyoya yaanze kurudi.

Swali: Katika zizi letu tunatumia mashine moja kwa farasi wote. Wiki mbili baada ya kunyolewa, farasi wangu ametokwa na mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba. Je, huu pia ni wepesi wa ngozi?

Jibu: Sidhani. Mabaka ya namna hiyo yanayochelewa kwa wiki kadhaa yananifanya nishuku choa, ugonjwa wa kuvu unaohama kwa visu, brashi, matandiko na mashuka, na ambao huambukiza binadamu pia. Vaa glavu, mtenge farasi huyo pamoja na vifaa vyake, na umwombe daktari wa mifugo achukue sampuli ya manyoya na magamba kwa ajili ya maabara. Asinyolewe tena hadi apone. Kwa wengine, visu vifunguliwe na kusafishwa kila farasi anapomaliza, kwanza manyoya na mafuta yote yaondolewe, ndipo dawa ya kuua kuvu itumike, kwa sababu dawa haipenyi kwenye uchafu.

Swali: Farasi wangu huogopa mashine hadi akalowa jasho, kisha hutokwa na vipele. Naweza kumpa dawa ya mzio ya binadamu mapema?

Jibu: Usimpe dawa yoyote bila daktari wa mifugo. Kipimo cha binadamu hakimfai farasi, baadhi ya dawa zimekatazwa mashindanoni, na dawa za jamii ya steroidi, kwa farasi aliye katika hatari, huweza kuchangia uvimbe wa ndani ya kwato. Hata dawa ya kutuliza inayotolewa na daktari huweza kumtoa jasho, kwa hiyo mkaushe kabla ya kuendelea. Mzoeshe mlio wa mashine kwa siku nyingi ikiwa mbali, kisha begani ikiwa imezimwa, na umnyoe kwa awamu fupi. Vipele vikifuatana na kuvimba kwa kope au pua, au akipumua kwa shida, mwite daktari mara moja, na umwonyeshe chupa ya kila mafuta, shampuu na dawa uliyotumia siku hiyo.